Ukuta wetu na mlizamu wenu

Kiponda, Unguja
Jumapili usiku

Shoga yangu Zuwena,

Assalaam aleikum. Mie mzima, watoto wazima, mama hajambo isipokuwa goti, na goti lile unalijua tangu tuko skuli. Natumai na nyie huko Muscat hamjambo, baba watoto hajambo, na jua linakuoneeni huruma. Basi salamu zitoshe hizo. Nyingine nimekuwekea mpaka siku utakayopokea simu.

Nimeandika kwa mkono makusudi. Kwenye simu ukiona ujumbe mrefu unasema utausoma ukitulia, na wewe hujatulia tangu arobaini ya bibi yako. Barua hii anakuletea mtoto wa Bi Shemsa, na nimemwambia asiondoke mlangoni mpaka uifungue.

Sikukasirika ulivyoondoka bila kuniaga. Nilikasirika kidogo. Lakini sikuandikii hilo.

Nakuandikia kwa sababu ya ukuta. Alhamisi usiku ilinyesha mvua ya kuvunja mabati. Kama saa nane tukasikia kishindo, mama akapiga shahada akidhani ni mwizi, na mimi nikashika mwiko, sijui nilitaka kumpakulia nini. Kumbe ni plasta ya chumba cha nyuma, kipande kikubwa kama sinia la biriani, kimetua juu ya cherehani. Pale kilipobanduka zikaonekana boriti mbili. Asubuhi Fundi Makame akaja, akapanda ngazi, akachomeka kidole kwenye kichwa cha boriti. Kidole kikaingia kama anachoma boflo. Hakusema kitu. Unamjua Makame, mtu wa kuzungumza mpaka na nyundo yake. Akinyamaza ujue kuna msiba.

Nikamuuliza maji yanatoka wapi, paa si tulilitengeneza juzi tu? Akaniambia, “Binti, maji si ya kwenu.”

Nikapanda juu nikachungulia upande wa nyumba yenu. Zuwena, sikutii chumvi. Bati moja limefunuka, mlizamu umeziba majani na kinyesi cha njiwa, maji yote ya paa lenu yanamwagika juu ya ukuta na kuteremka ndani kwa ndani. Na pale juu umeota mlandege. Si ule mtaa wa Mlandege, mti! Ndege kala tunda, kajisaidia juu ya nyumba ya bibi yako, sasa mti una urefu wa mwanao yule wa pili, na mizizi imeshaingia baina ya mawe.

Tafadhali usinianzie ile methali ya ufa na ukuta. Nimeshaambiwa na muuza kahawa, na imamu, na mama mara nne.

Najua utasema kwani ukuta huo wa nani. Ndiyo hapo. Ukuta ni mmoja. Unene wake dhiraa moja na zaidi, mawe ya matumbawe yamefungwa kwa chokaa na udongo mwekundu, na vichwa vya boriti zenu na zetu vyote vimelala humo humo. Wazee walijenga hivyo kwa sababu boriti ya mkoko ina urefu wake, haivuki dhiraa sita saba, ndiyo maana vyumba vyetu vyote vyembamba na ndiyo maana kitanda cha harusi yako kilibidi kikatwe mguu. (Bado nacheka.) Kwa hiyo siwezi kusema mie nitatengeneza kwangu, nyie mtengeneze kwenu mtakapojaaliwa. Hakuna kwangu.

Na sisi tuna makosa yetu, nakiri. Unakumbuka kaka yangu alipotaka kuoa akapaka saruji chumba kile kizima? Kiling'aa kama keki, watu wakaja kupiga picha. Makame alimwambia wakati ule ule kwamba nyumba hizi zinapumua, maji yanaingia kidogo na kutoka kidogo kupitia chokaa. Ukiziba kwa saruji yale maji yanakaa ndani, chumvi ya matumbawe inatoka nayo, plasta inavimba kama andazi, na boriti inaoza bila mtu kuona. Kaka akamwambia, mzee, hayo mambo ya zamani. Haya, plasta iliyotua juu ya cherehani ndiyo hiyo keki. Nilipompigia kumwambia akasema mtandao mbaya.

Makame anasema boriti hizo mbili zitolewe, ziwekwe mpya, saruji yote ibanduliwe, ukuta ukae wazi ukauke, ndipo upigwe lipu ya chokaa. Si chokaa ya mfuko, anaitaka ile iliyochomwa kwa mawe na magogo ya minazi kisha ikarowekwa shimoni miezi. Anajua mahali ipo. Bei yake nitakuandikia siku nyingine, leo nataka ulale. Lakini anasema yote hayo ni kazi bure iwapo mlizamu wenu utaendelea kumwaga. Na hagusi paa lenu bila idhini ya wenyewe. Mara moja alikata mti wa watu huko Malindi akapelekwa kwa sheha, hajasahau.

Sasa nikupe kichekesho cha kazi yangu ya kutembeza watalii. Juzi nilikuwa na wageni kumi na wawili. Nimewasimamisha mbele ya uzio wa Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, nikawaimbia wimbo wangu wa kila siku: Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, nyumba zaidi ya 1,700, kila mlango una habari yake. Jumba hili kalijenga Sayyid Barghash mwaka 1883. Manuwari za Waingereza zikalipiga mizinga mwaka 1896, kasri za jirani zikabomoka, lenyewe likabaki. Halafu tarehe 25 Desemba 2020 likaanguka lenyewe mchana, na mnara wake wa saa, na watu wawili wakafa. Bibi mmoja Mjerumani akaniuliza, sasa nani alilipiga safari hii? Nikakosa jibu la kitalii. Roshani ilianza kuporomoka mwaka 2012, kila mtu aliona, makaratasi yakaandikwa, fedha za kutoka huko kwenu Oman zikapatikana, mafundi wakawa wameshaingia ndani, na jumba halikuwangoja.

Siku ile ulinipigia kutoka Muscat ukalia saa nzima. Nakumbuka ulivyosema, “Maryamu, wamewacha vipi likafika hapa?” Nami nikakupoza. Leo nataka nikuulize swali hilo hilo, lakini nikiliandika litakuwa na ncha, na mie sikutaka barua ya ncha. Basi lichukue tu kama umelisikia.

Katika wageni hao alikuwemo mzee wa Liverpool, akanambia kwao nao waliwahi kuwa kwenye orodha, wakaingia 2004 wakafutwa 2021 kwa ajili ya majengo mapya ya bandarini. Alikuwa anazungumza kama mtu aliyepewa talaka. Nikamwambia asione haya, nina shoga yangu anakaa nchi iliyofutwa mwanzo kuliko zote: nyie, 2007, na hifadhi yenu ya choroa mliyoipunguza kwa asilimia 90. Akafurahi kusikia kuna waliomtangulia. Wageni wengine huondoka na kofia na viungo, yule kaondoka na hilo.

Lakini kuna jambo lenu jingine nimekuwa nikilifikiri siku hizi tatu. Ile picha uliyonitumia mwaka ule mmewapeleka watoto Bahla, mmesimama chini ya ngome. Nilikwenda kuisoma habari yake. Ngome ile ni matofali ya udongo mtupu juu ya msingi wa mawe. Iliingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 1987, na mwaka uliofuata tu ikatiwa kwenye orodha ya walio hatarini, kwa sababu kila mvua ilikuwa inaondoka na kipande. Ilikaa humo mpaka 2004. Miaka kumi na sita, Zuwena! Wakairejesha kwa udongo, si kwa zege. Mtu kafinyanga tofali, kaanika, kajenga, mvua ikija wanarudia. Nami nikasema, ikiwa ngome ya tope imeokoka huko jangwani, nyumba mbili za Kiponda zinashindwa kwa mlizamu?

Ngome ina mwenyewe mmoja, utaniambia, serikali. Yenu ina warithi kumi na moja. Najua. Nimewahesabu usiku nilipokosa usingizi: wanne Muscat, wawili Dubai, yule wa London asiyejibu mtu, shangazi yako wa Dar, na wengine ambao hata jina nimesahau. Mirathi haijagawanywa, kwa hiyo kila mmoja anangoja mwingine atoe fedha kwanza. Funguo anazo yule kijana wa duka la vinyago la chini. Yeye kwake kukavu, juu hajapanda tangu mwaka jana, anasema anaogopa popo.

Na kuna lile jingine, ambalo sikutaka kuliandika, ila nikilinyamazia nitakuwa mnafiki. Nimesikia kuna mtu anataka kununua nyumba zote mbili afanye hoteli. Kwangu amekuja, mtu mwenye adabu, kanywa chai, kasifu mlango. Nikamwambia hatuuzi. Akatabasamu akasema, “Jirani zenu wameshakubali.” Huenda ni maneno ya kibiashara. Huenda ndiyo sababu paa halitengenezwi, maana nyumba iliyokwisha oza bei yake… hapana, sitamalizia. Ami yako mkubwa namheshimu, alinifunza Kurani. Lakini nataka kulisikia kutoka kinywani mwako.

Sisemi kila hoteli ni balaa. Kuna nyumba zingekuwa zimeshalala chini lau si hoteli. Ila ukuta wetu ukipata mwenyewe mmoja atautoboa atakavyo, na nikipita pale nikiwa na wageni nitasema nini? Hapa ndipo Zuwena alipojificha siku aliyovunja birika la bibi? Watanilipa kwa hilo?

Basi nirudi kwenye mlizamu, kwa sababu masika hayangoji mirathi. Sikuombi utengeneze nyumba. Nakuomba ami yako atume neno, hata kwa sauti kwenye simu ya Makame, kwamba anaruhusu mafundi wapande, wakate mlandege na mizizi yake yote, wazibue mlizamu na kupigilia lile bati. Gharama ya hiyo nitatoa mie nusu, na nusu nyingine nyie kumi na moja mkigawana haifiki bei ya manukato yako. Nilikwenda pia kuulizia kibali cha kubandua lipu yetu, maana huku huwezi kugusa ukuta wala dirisha bila kibali, na yule bwana alinisikiliza vizuri, kanipa fomu. Ipo mezani. Pana nafasi ya sahihi yangu, na mie nimeshatia.

Mambo mengine mafupi mafupi: Bi Shemsa kafanyiwa jicho, sasa anaona hata asivyotakiwa kuviona. Paka wako wa kijivu kazaa tena, safari hii ndani ya kabati la bibi, huko kwenu, kwa hiyo kuna watu wanaoishi humo hata kama si kumi na moja. Salma na mumewe wamerudiana, usiulize.

Sasa nijibu. Ami yako anapokea simu saa ngapi, kabla ya Isha au baada? Nimpigie mwenyewe au utaanza wewe? Mmeuza au hamjauza? Ikiwa hamjauza, ni nani baina yenu anaetaka kuuza, ni yule wa London? Ile hati ya zamani ya nyumba, yenye mhuri, bado iko kwenye sanduku la bibi au mliichukua? Watoto wako wanajua kwamba wana nyumba huku, au wanajua Bahla tu? Na wewe unakuja lini, Ramadhani au mpaka Iddi? Ukija utafikia wapi, maana chumba chetu cha nyuma ndicho hicho, kina ndoo tatu na turubali?

Mtoto wa Bi Shemsa anaondoka asubuhi. Nimekutilia halua mbili, moja yako na moja ya ami yako. Yake usimpe mpaka atume ile sauti.

Wako,
Maryamu