Watangazaji, msituchanganyie kitisho cha vita na malezi ya wavulana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno juu ya tabia moja iliyoota mizizi katika vipindi vya mijadala vya redio, hasa vile vya asubuhi ambavyo wengi wetu huvisikiliza huku tukiwaandaa watoto kwenda shule. Silalamikii mijadala yenyewe. Nimekuwa msikilizaji wa redio tangu utotoni, na sijaona chombo kingine kinachompa mtu asiye na cheo fursa ya kujibizana na mwenye cheo kwa gharama ya simu moja tu. Ninacholalamikia ni kwamba habari ya kitisho cha vita, ikishaingia studioni, haikai hata nusu saa kabla ya kugeuzwa kuwa kesi ya jinsi tunavyolea wavulana, na kesi hiyo nayo, kabla haijasikilizwa, hugeuzwa kuwa hukumu juu ya wanawake.

Nieleze kilichonifanya nishike kalamu. Wiki iliyopita kipindi kimoja, ambacho sitakitaja kwa sababu vingine havitofautiani nacho sana, kilianza na taarifa kwamba kiongozi wa taifa moja ametishia kulishambulia taifa jingine. Mtangazaji aliisoma taarifa hiyo kwa muda usiozidi dakika mbili, kisha akafungua simu. Msikilizaji wa kwanza alisema vita haviepukiki. Wa pili alisema vikija hatutakuwa na wa kupigana, kwa kuwa vijana wa siku hizi wamelelewa kama mayai. Mtangazaji alilidaka neno hilo la mayai kwa furaha isiyojificha, na tangu hapo hakuna aliyekirudia tena kile kitisho. Wa tatu akawalaumu akina mama wanaolea peke yao, wa nne akalaumu haki sawa, na wa tano, aliyekuwa mwanamke, akajibu kwamba dunia ingetawaliwa na wanawake vita visingekuwapo. Kipindi kikaisha kwa vicheko na tangazo la sabuni. Mwanangu wa miaka tisa, aliyekuwa akifunga kamba za viatu muda wote huo, aliniuliza kama vita vitafika kabla ya mitihani.

Kitisho cha vita kina uzito wake na kina maswali yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945, katika ibara ya 2, kifungu cha 4, umezikataza nchi wanachama kutumia nguvu dhidi ya nchi nyingine, na katika sentensi hiyo hiyo umezikataza hata kutishia kuitumia. Kutishia, kwa maneno mengine, ni tendo lenye kustahili kuchunguzwa kama tendo. Mtangazaji mwenye kuijua kazi yake angetaka kufahamu kama aliyetamka maneno hayo ana mamlaka ya kuamuru jeshi, kama aliyasema jukwaani mbele ya mashabiki wake au aliyaandika katika barua rasmi, kama askari na meli vimesogezwa, kama mabalozi wameitwa nyumbani au wangali vituoni mwao, na zaidi ya yote, kama bado kuna mtu wa upande mmoja anayepokea simu ya upande wa pili.

Swali hilo la mwisho ndilo lililoamua mambo mwezi Oktoba 1962, Marekani na Umoja wa Kisovieti zilipokaribia kupigana kwa sababu ya makombora yaliyopelekwa Kuba. Aliyesikiliza hotuba peke yake angeapa kwamba hakuna upande utakaorudi nyuma. Kumbe jioni ya tarehe 27 Robert Kennedy, ndugu wa rais na mwanasheria mkuu wa serikali, alikuwa akizungumza faraghani na balozi wa Kisovieti, Anatoly Dobrynin, na miongoni mwa waliyoyazungumza yalikuwa makombora ya Marekani yaliyowekwa Uturuki. Siku iliyofuata Nikita Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, alikubali kuyaondoa yale ya Kuba, na ujumbe wake ukasomwa hewani na redio ya Moscow, kwa kuwa njia za kawaida za kibalozi zilikuwa za polepole mno kwa saa ile. Napenda kuwakumbusha watangazaji wetu jambo hili, kwamba habari ya kurudi nyuma ilibebwa na redio. Mwaka uliofuata Washington na Moscow ziliunganishwa kwa mtambo maalumu wa mawasiliano ya moja kwa moja, ili siku nyingine wasilazimike kutegemea mawimbi ya matangazo.

Na hao waliorudi nyuma walikuwa watu wa namna gani? Hapa ndipo nadharia ya mayai inapopasuka. John Kennedy, rais wa Marekani wakati huo, alikuwa ametumikia jeshi la majini katika bahari ya Pasifiki, na kaka yake mkubwa, Joseph, aliuawa vitani mwaka 1944. Khrushchev alikuwako katika mapigano ya Stalingrad ya Vita Vikuu vya Pili, na mwanawe Leonid, rubani wa ndege za kivita, alipotea mwaka 1943. Hakuna anayeweza kuwaita watu hao laini, wala kudai kwamba walitokana na kizazi kilichodekezwa na mama zao. Sitaki nijifanye najua kwamba misiba hiyo ndiyo iliyowapa busara, maana wapo waliofiwa wakazidi kiu ya damu. Nasema tu kwamba ugumu wa kiume, kama ndio kipimo tunachopewa kila asubuhi, haukuwa na jambo la kutueleza katika siku zile kumi na tatu za mgogoro wa Kuba.

Kwa haki hiyo hiyo siwezi kumuunga mkono dada yule aliyepiga simu ya tano, ingawa namwelewa, kwani alikuwa amesukumwa hadi ukutani na waliomtangulia. Indira Gandhi aliiongoza India katika vita dhidi ya Pakistan mwaka 1971, Golda Meir alikuwa waziri mkuu wa Israeli katika vita vya Oktoba 1973, na Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza, alituma manowari visiwani Falklands mwaka 1982. Mtu anaweza kujibu kwamba wote watatu waliletewa vita mlangoni, na huo utakuwa mjadala mzuri, lakini utakuwa mjadala wa mipaka, majeshi na maslahi ya dola. Maumbile ya kike na ya kiume hayatausogeza mbele hata hatua moja.

Lipo swali la jinsia ambalo kweli linahusu vita, nalo ni la nani anaitwa mezani amani inapotafutwa. Baraza la Usalama lililigusa katika azimio namba 1325 la tarehe 31 Oktoba 2000, lililotaka wanawake washirikishwe katika kuzuia na kumaliza migogoro. Miaka mitatu baadaye wanawake wa Liberia, Wakristo na Waislamu pamoja, wakiongozwa na Leymah Gbowee, walimshinikiza rais wao, Charles Taylor, akubali mazungumzo, kisha baadhi yao wakayafuata mazungumzo hayo hadi Ghana na kuketi milangoni mwa ukumbi ili wajumbe wasitoke bila kufikia jambo. Gbowee alikuwa mmoja wa wanawake watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2011. Walichofanya akina mama wale kilihitaji mpango, uvumilivu na ujasiri wa kukaa sakafuni mbele ya watu wenye bunduki. Ni kisa cha kujaza kipindi kizima, na sijawahi kukisikia katika mojawapo ya vipindi ninavyovizungumzia.

Nimeambiwa na rafiki yangu mmoja kwamba ninakuza jambo dogo, kwamba huo ni utani wa asubuhi wa kuchangamsha watu. Yawezekana, na sivilinganishi vipindi vyetu na uovu nitakaoutaja. Hata hivyo, wengi wanapoikumbuka Rwanda huikumbuka redio ya RTLM, iliyochochea mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 na iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1993, na kusahau kwamba kabla yake jarida la Kangura, mwezi Desemba 1990, lilichapisha zile zilizoitwa amri kumi, na ya kwanza kabisa iliwahusu wanawake wa Kitutsi na wanaume wa Kihutu wanaowaoa. Waliotaka kuwaandaa watu kumwaga damu walianza kwa kuzungumzia ndoa na wanawake. Mhariri wa jarida hilo na wakuu wawili wa redio ile walitiwa hatiani tarehe 3 Desemba 2003 na mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha.

Malezi nayo yana haki ya kupewa saa yake, tena saa nzima. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 18, umesema kwamba wazazi wote wawili wana wajibu wa pamoja wa kumlea mtoto, hivyo lawama inayoelekezwa kwa akina mama pekee imeruka nusu ya wahusika. Na kama mtangazaji anataka kuunganisha malezi na vita, basi atuulizie mtaalamu jinsi ya kumjibu mtoto aliyesikia neno vita kabla ya kunywa chai. Huko Hawaii, tarehe 13 Januari 2018, tahadhari ya kombora linalokuja ilitumwa kwa makosa kwenye simu za watu, na zikapita dakika 38 kabla ya simu hizo kupokea masahihisho. Wapo wazazi waliowaficha watoto bafuni. Nina hakika kwamba katika dakika hizo hakuna aliyejiuliza kama mwanawe amechapwa vya kutosha.

Mimi nilimjibu wangu kwamba kiongozi yule ametoa maneno makali, kwamba maneno hayo hayajawa vita, kwamba wapo watu ambao kazi yao ni kuzungumza ili yasiwe vita, na kwamba mitihani iko pale pale. Hilo la mwisho halikumfurahisha. Lakini jibu lenyewe nililibuni nikiwa mlangoni, bila msaada wowote kutoka kwenye kipindi kilichomtia hofu.

Ombi langu kwa waongoza vipindi si kubwa. Habari ya kitisho isomwe yote, apatikane hewani angalau mtu mmoja anayeijua diplomasia au jeshi, na simu inayotoka nje ya mada irudishwe kwa adabu kwenye mada, hata kama mpigaji anachekesha. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa wa mwaka 1966, ibara ya 20, umetaka propaganda ya vita ipigwe marufuku kwa sheria. Sijaomba sheria. Naomba uangalifu wa mtu anayejua kwamba kuna watoto wanaosikiliza.

Na wewe, Ndugu Mhariri, siwezi kukuacha kando. Siku moja baada ya kipindi kile, gazeti lako lilichapisha neno la mayai kwa herufi kubwa katika ukurasa wa tatu, likiambatana na picha ya mtangazaji akicheka, ilhali kitisho chenyewe kilipewa aya moja katika ukurasa wa kumi na tisa. Safari nyingine naomba kurasa hizo zibadilishane.

Wako,
Mzazi na msikilizaji wa redio