Mwanangu, mpunga bado ni wa kijani

Mabogini, Moshi

Mwanangu mpendwa,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Huku tu wazima, alhamdulillahi, isipokuwa goti la mamako linalomsumbua usiku.

Jana baada ya Alasiri nilikuwa mferejini nasubiri zamu yetu ya maji, akapita mtu akanipa pole. Nikamuuliza pole ya nini. Akasema, "Si mmeshauza?" Nilikupigia, ukasema mtandao unakatika. Ndiyo maana naandika, na barua hii utakabidhiwa mkononi hapo sokoni Kilombero, Arusha.

Je, umepokea pesa za yule dalali anayenunua mpunga ungali shambani? Sema ndiyo au hapana. Mpunga wenyewe ndiyo kwanza unatoa masuke. Ploti ile nimekupa, sijageuka, mita 30 kwa 100 ni zako. Lakini kilichosimama humo leo hakijawa mali ya kupima. Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza masuke mpaka yageuke meupe na yasalimike na maradhi, na akauliza: Mwenyezi Mungu akiyazuia mazao, mmoja wenu atakula mali ya nduguye kwa haki gani? Wewe hilo ulilisoma chuoni kabla yangu. Kwelea kwelea wameshaonekana upande wa Chekereni. Wakishuka hapa siku mbili tu, huyo dalali utamlipa nini? Na wasiposhuka, atakuja na magunia yake ya lumbesa, yaliyojazwa kupita kipimo, amekulipa bei ya njaa. Kwa vyovyote mmoja wenu atakuwa amedhulumiwa.

Maji nayo si yale ya 1987, mradi wa umwagiliaji wa Wajapani ulipokamilika. Sasa huko juu kila mtu amefungua jaruba lake, mto Njoro unatufikia umechoka. Juzi tulilala mferejini mpaka adhana ya Alfajiri. Mdogo wako alikuja nami, na wiki hii ndiye anayeamia ndege peke yake. Mkono wako ungetufaa, lakini sisemi uache kazi.

Kama shida ilikuwa kodi ya chumba, ungesema. Na kama ni lazima upate pesa mbele, njia ya halali ipo. Maalimu ametueleza biashara ya salam: kilo zijulikane, aina ya mpunga ijulikane kama ni SARO 5 au nyingine, siku ya kukabidhi ijulikane, pesa yote itolewe palepale, na isifungwe kwenye jaruba moja. Hivyo ndege wakila kwako, unatafuta mpunga kwingine ukamkabidhi. Ulichofanya wewe, kama umekifanya, sicho hicho.

Usiniambie kwamba watu wote wa hapa wanauza hivyo. Najua wanauza. Ada yako ya kidato cha tatu hukuuliza ilitoka wapi, nami sikusema. Magunia yaliondoka uwanjani siku ile ile ya kupura, na kile kilichobaki hakikufika hata pishi za kutolewa ushuri, zaka ya mazao. Mamako alitandaza turubai, akakuta hakuna cha kuanika. Tangu hapo, imamu akisoma ile aya ya 141 ya Al-An'aam, "na toeni haki yake siku ya kuvunwa kwake," huwa naangalia mkeka.

Ndiyo maana nakuuliza tena: umepokea? Shilingi ngapi? Kama hujazitumia zote, zirudishe. Zikipungua nitamuuza yule beberu. Nilimweka kwa hitima ya babu yako, lakini babu yako mwenyewe asingekubali tumsomee juu ya deni la namna hii.

Ijumaa iliyopita maalimu alikutaja mbele ya watu, kwamba vijana wa Arusha mnachangia mabati ya madrasa na wewe ndiye uliyekusanya. Nilifurahi nikashindwa kuinua uso. Sasa fikiria watu hao hao wakisikia hili la dalali.

Mamako anasema ule mtungi wa gesi uliouacha unavuja, ameurudisha dukani na anapikia kuni. Shangazi yako wa Kahe ameleta ndizi, tumekutengea mkungu mmoja, zitakuja na huyu kijana pamoja na barua; nyingine mpe mwenye nyumba wako. Jembe lako jipya halina mpini, mdogo wako ameuvunja, usimgombeze. Magunia matupu yapo 12 tu, ukipata mengine huko sokoni kwa bei nzuri yanunue, yasiwe yaliyowahi kutiwa mbolea. Na ile shuka ya mamako uliyoondoka nayo anaiulizia.

Dalali anapita huku Jumamosi. Nataka jibu lako kabla ya swala ya Ijumaa: umepokea au hukupokea, na kama umepokea, kiasi gani, ili nimpeleke beberu mnadani mapema.

Ni mimi baba yako.