Afande, mnyama wako anajulikana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze habari ya mnyama wa jirani yangu, ambaye ni askari polisi. Jina lake silitaji, maana bado tunachota maji bomba moja.

Afande alihamia Dar akitokea mkoani Mara, akiwa na kitoto cha mnyama ndani ya boksi la sabuni. Akasema ni mbwa. Nani abishane na polisi? Kikakua: miguu mirefu, masikio yamechongoka, manyoya rangi ya mchanga. Mbwa wa mtaani wakimwona wanafyata mikia. Saa nane za usiku anainua pua na kutoa mlio unaoanza chini kama mtoto mwenye homa, unapanda mpaka watu wanawasha taa.

Mtoto wa dada yangu, aliyesomea wanyamapori kule chuo cha Mweka, alikuja kutusalimia akamtazama mara moja tu. "Mama mdogo, huyo ni mbweha wa Serengeti." Akanieleza kwamba mwaka 2015 wataalamu walipima vinasaba wakakuta mbweha huyu wa Afrika yuko karibu zaidi na mbwa mwitu wa Ulaya kuliko na mbweha wa Asia anayefanana naye. (Hapa Dar ukisema mbwa mwitu watu wanakumbuka lile genge la vijana wa visu lililoitwa hivyo. Siwasemi hao.)

Mimi nina kilio cha bata. Nilikuwa nao kumi na mmoja, wakabaki watatu.

Mwezi uliopita, saa kumi alfajiri, nimeinama napepea mkaa, mchanganyiko wa vitumbua umeshaumuka kwenye ndoo. Akaja kimya kimya, akasukuma kifuniko kwa pua, akazamisha kichwa chote. Nikamchapa na upawa. Alipogeuka uso ulikuwa mweupe pee, tui la nazi linamdondoka kidevuni. Akaniuma chini ya goti.

Nilimpigia simu yule mtoto, akanifokea nioshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kwa sababu mbweha naye anabeba kichaa cha mbwa. Nikaosha. Zahanati wakataka PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyejeruhiwa. Basi nikachechemea hadi kituoni, na kaunta nikamkuta nani? Mwenye mnyama.

"Shikamoo mama. Umepatwa na nini?"

"Marahaba. Nimeumwa."

"Na nini?"

"Na huyo wako, baba."

Akaitazama kalamu muda mrefu. Kisha akaandika: mnyama asiyejulikana. Asiyejulikana, na manyoya yake yameganda kwenye suruali ya afande, nimeyaona kwa macho yangu!

Sindano nimechoma, mtaji wa unga umeishia huko. Lakini lile neno linanikera kuliko kidonda. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kufuga mnyamapori bila kibali, na sijaona mahali imeandikwa "isipokuwa mwenye magwanda". Mkulima akikutwa na swala kamfunga uani, angeandikiwa hivyo hivyo, asiyejulikana?

Sitaki afande afukuzwe kazi. Ana watoto wadogo, na mkewe ndiye aliyenipakia bodaboda asubuhi ile. Wala sitaki mbweha auawe, kosa lake ni njaa na kamba mbovu. Nataka watu wa wanyamapori waje wamchukue, na PF3 yangu iandikwe upya: mbweha, wa fulani, wa nyumba ya nne.

Juzi afande alikuja na bata jike kutoka sokoni, kafungwa miguu kwa mpira, akaomba yaishe. Nikampokea, nikamtia bandani na wenzake, wakawa wanne.

Leo asubuhi nimehesabu, ni watatu.

Mama Vitumbua,
Tabata, Dar es Salaam