Wauza kompyuta waandike namba ya prosesa kwenye risiti

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wazazi ambao vijana wao wamepata nafasi ya kusoma sayansi ya kompyuta, pamoja na wafanyabiashara wanaowauzia kompyuta mpakato hapa Dar es Salaam. Mimi ni fundi wa kompyuta, na kila vyuo vinapofunguliwa huletewa mashine zisizo na ubovu wowote ila kwamba zilinunuliwa bila kuulizwa maswali.

Msimu uliopita mama mmoja mwenye genge la nyanya na vitunguu mtaani kwetu aliniletea kompyuta ya mwanawe wa mwaka wa kwanza. Alipokwenda Kariakoo alipokewa na winga, yaani dalali wa mtaani, akazungushwa maduka matatu, na hatimaye akalipa laki saba kwa kuambiwa, "Hii ni Core i7, mama, hizo i5 waachie makarani." Stika ya i7 ilikuwepo kweli, tena ikiwa mpya kuliko ganda ililobandikwa. Nilipofungua mfuniko wa chini nilikuta kipande kimoja cha RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, cha gigabaiti 4, na diski ya kuzunguka ambayo ukitega sikio unaisikia ikikwaruza kama panya darini. Prosesa yenyewe, yaani kile kichakataji ambacho ndicho ubongo wa mashine, ilikuwa i7-4600U, ya mwaka 2013. Kijana aliniambia kwamba huiwasha, akaenda kuoga, na akirudi huikuta bado inahangaika.

Kosa la mama huyu ni la wengi, nalo linatokana na kudhani kwamba i7 ni bora kuliko i5 popote zitakapokutana. Alama hizo za kampuni ya Intel hulinganisha prosesa za kizazi kimoja. Kizazi husomwa kwenye tarakimu inayofuata kistari: 4600U ni ya kizazi cha nne, 8250U ni ya kizazi cha nane, na kuanzia kizazi cha kumi tarakimu za kizazi huwa mbili. Sasa i7-4600U ina viini viwili vya kuchakata, ilhali i5-8250U iliyotoka mwaka 2017 ina vinne, kwa hiyo aliyeikimbia i5 ya kizazi cha nane kwa kuifuata i7 ya kizazi cha nne ameongeza fedha ili apunguziwe viini.

Sikitaji kizazi cha nane kwa bahati. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11, kwa mashine za Intel, hupokea rasmi kizazi cha nane na kuendelea, ukiacha prosesa chache mno za kabla ya hapo. Zipo njia za kuilazimisha iingie kwenye mashine za zamani, nami huombwa kufanya hivyo kila wiki, lakini simshauri mzazi anunue leo kitu ambacho siku ya kwanza kinahitaji kulazimishwa.

Kwa mfuko wa kawaida, ushauri wangu ni kutafuta mashine za maofisini zilizotumika, za mwaka 2018 hivi: Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 au Dell Latitude 5490. Ganda lake ni gumu, vipuri vyake vinapatikana, na zote tatu zina nafasi mbili za kuchomeka RAM, jambo ambalo kwa mwanafunzi wa fani hii nalithamini kuliko wembamba na rangi. T480 ina faida moja zaidi kwa sisi tunaoujua umeme wetu, kwani ina betri ya ndani na nyingine ya nyuma inayochomolewa kwa mkono bila kuzima mashine. Hata hivyo jina la modeli pekee halitoshi, maana baadhi ya 840 G5 zilitoka kiwandani na prosesa za kizazi cha saba, kwa hiyo narudia kwamba isomwe namba.

RAM iwe gigabaiti 8 kwa kuanzia na diski iwe SSD, ile isiyozunguka, ya gigabaiti 256. Mwaka wa kwanza wa kujifunza lugha za programu kama C au Python hautaielemea mashine ya namna hiyo, lakini siku kijana atakapofungua Android Studio, programu ya kutengenezea programu za simu, ambayo peke yake hudai gigabaiti 8, na simu ya kuigiza ya kuzijaribia juu yake, atahitaji 16. Akiwa na nafasi ya pili ya RAM ataongeza bumu la mkopo likiingia. Kama RAM imechomelewa kwenye bodi, atalazimika kununua mashine nyingine. Hicho ndicho kinachonifanya niziogope zile mpya za bei nafuu zenye prosesa ya Celeron N4020, RAM ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 64, kwa kuwa 64 ndicho kiwango cha chini ambacho Windows 11 yenyewe inadai kabla mwenye mashine hajahifadhi hata picha moja. Kuhusu kadi kubwa za michoro, wauzaji husema kwamba bila hizo kijana hatasoma akili unde. Mazoezi ya darasani ya somo hilo hufanyika bure kwenye Google Colab, huduma ya mtandaoni inayotumia kompyuta za Google, almuradi pawe na bando.

Dukani, mzazi asiombe maelezo, aombe mashine iwashwe. Akibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha akafungua ukurasa wa utendaji (Performance), ataona namba kamili ya prosesa, na chini ya RAM ataona ni nafasi ngapi zimetumika kati ya zilizopo. Baada ya hapo aizime, aiwashe tena na kuingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine kabla Windows haijaanza. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, mashine hiyo bado ina kufuli la kampuni iliyokuwa ikiimiliki, na airudishe kwenye meza hata kama ameshapunguziwa bei.

Mashine ya yule mama niliifufua kwa kuiwekea SSD, kuongeza RAM hadi gigabaiti 8 na kuweka mfumo wa Ubuntu badala ya Windows, na sasa kijana anafanya kazi zake bila kero kubwa. Gharama ilifika laki moja na elfu sitini. Mama alijumlisha na zile laki saba, akaniuliza ya kizazi cha nane ingemgharimu kiasi gani, na nilipomtajia hakusema neno.

Alipotaka kurudi dukani kudai haki yake nilimwomba risiti. Ilikuwa halali, ya mashine ya EFD, na penye maelezo ya bidhaa palikuwa na neno moja tu, "Laptop". Ombi langu kwa wafanyabiashara ni kwamba mahali hapo paandikwe namba kamili ya prosesa, kiasi cha RAM, aina ya diski na siku za dhamana. Mzazi naye asitoe fedha kabla ya kuyaona maneno hayo kwenye karatasi.

Fundi wa kompyuta,
Sinza, Dar es Salaam