Dogo alipigwa, sawa, ila shilingi ilirushwa na nani?

Mhariri, salaam kwako na kwa wote hapo ofisini.

Nimesoma ile habari yenu ya lile bato la mistari, marapa wawili, mkongwe na dogo, wanarushiana vijembe vya vina mbele ya majaji, mlipoandika kwamba mkongwe "alimpa dogo darasa la bure", nikacheka halafu nikakasirika, maana mi nilikuwepo, tena sikukaa kwenye viti, nilikuwa pembeni ya jukwaa nimeshika saa. Kila emsii, yaani rapa, ana dakika 2, raundi 3, zikibaki sekunde 10 nanyoosha mkono juu, zikiisha naushusha, basi, kazi yangu imeisha hapo. Kwa hiyo hiki ninachosema sijahadithiwa.

Mkongwe anajua, hilo sibishi. Anajua kunyamaza sekunde mbili kabla ya panchi, ule mstari wa kumchoma mpinzani, ili watu wenyewe wamalizie mstari kichwani, na kile kitu hufundishwi, unakipata kwa kuzomewa miaka na miaka. Ila mlichoacha kuandika ni kwamba yeye ndo alimaliza raundi zote tatu. Zote. Na hilo halikutokea kwa bahati, kwa sababu shilingi ya kuamua nani aanze haikurushwa kabisa. Nyuma ya jukwaa mwandaaji alimfuata mkongwe akamuuliza kwa heshima zote, "braza, unaanza au unamalizia?", braza akasema anamalizia, basi ikawa hivyo. Dogo alikuwa hatua tatu kutoka pale anajisemea mistari yake kimoyomoyo, hakuna aliyemuuliza kitu, aliambiwa tu aingie.

Najua wapo watakaosema kuanza na kumaliza kuna tofauti gani, mwenye mistari ana mistari. Aisee, hesabu mwenyewe. Anayemalizia anajibu mara tatu. Anayeanza anajibu mara mbili tu, tena kwa kuchelewa, jibu lake linakuja raundi inayofuata watu wameshacheka wakasahau, na hata hizo sekunde za kujibu anazikata kwenye dakika zake mwenyewe. Na neno la mwisho kabisa usiku ule, lile majaji wanaloondoka nalo kwenda kujaza karatasi, halina wa kulijibu.

Hii sio habari mpya, mfuatiliaji yeyote wa rap anaijua ile ya ukumbi wa Harlem World, New York, Desemba 1981, marapa Busy Bee na Kool Moe Dee. Busy Bee ndo alikuwa kipenzi cha ukumbi, anaitikisha watu, anawachekesha, mshindi anajulikana hata kabla hajashuka. Akapanda Kool Moe Dee baada yake, BAADA yake, akaanza kukichambua kimoja kimoja kile ambacho watu walikuwa wamekishangilia dakika chache tu nyuma. Kaseti ya usiku ule ilizunguka mkono kwa mkono na mpaka leo wanaosimulia historia ya mabato wanaanzia hapo. Moe Dee alikuwa mkali, ndiyo, lakini sasa chukua mistari ile ile umpandishe wa kwanza, atakuwa anachambua nini wakati Busy Bee hajafungua mdomo?

Hapo najua mtu atanirushia ile filamu ya rap, 8 Mile, kwamba yule jamaa kwenye bato la fainali alianza yeye na bado akashinda. Kweli alianza, akajisema aibu zake zote mwenyewe, mpinzani akabaki na maiki mkononi hana cha kusema. Ni ujanja mzuri sana, lakini jamani ile ni filamu ya 2002, kila mtu aliyekaa kwenye kiti cha sinema ameiona, na kila mkongwe ana dawa yake. Siku hizi dogo akijidisi mwenyewe, mkongwe anaitikia tu "asante kwa kunipunguzia kazi" na watu wanaanguka chini.

Nirudi kwenye bato letu. Raundi ya kwanza mkongwe alimwambia dogo amekariri, kwamba ukimkatisha katikati anarudi mwanzo kama kanda. Mi nikasema moyoni hapa dogo kwisha. Raundi ya pili dogo akaja, akasimama, akaanza mstari wake ule ule wa kwanza wa raundi ya kwanza, neno kwa neno, watu wakaanza kuguna, aaah kakwama, halafu akaukata katikati akaugeuzia kwa mkongwe papo hapo na vina vikakaa. Ukumbi ulilipuka mpaka nikakosea kusimamisha saa (nilimrudishia sekunde zake, mnisamehe). Hiyo mbona hamkuiandika? Mtu aliyekariri hafanyi vile.

Raundi ya tatu jasho lilikuwa limemzidi, akahamishia maiki mkono wa kushoto akafuta kiganja cha kulia kwenye suruali. Kitu kidogo tu, mi nilikiona kwa sababu niko mita mbili. Mkongwe naye akakiona. Akakitunza dakika mbili nzima, akaja kufungia nacho: "Mmemwona anajifuta mikono? Huyo keshanawa, keshajitoa." Kelele zikapanda, majaji wakaangaliana wakicheka, pambano likaishia hapo. Na dogo, kabla hajajua anafanya nini, akainua maiki mdomoni.

Mi ndo nilimwonyesha mkono. Muda umeisha, kaka. Akaishusha.

Sisemi angeshinda, labda angepigwa tu hata angemalizia yeye. Hata rapa Roxanne Shanté mwaka 1985, binti wa miaka 15, alifika fainali ya mashindano makubwa New York akapigwa na Busy Bee huyo huyo, na watu mpaka leo wanabishana kuhusu alama alizopewa. Ila ule ni ubishi wa majaji, kila mtu na sikio lake. Huu wangu hauhitaji sikio. Wenzetu wanarusha shilingi mbele ya watu, kamera ikiwepo, anayepatia anachagua, inachukua sekunde 5 hivi. Mwandaaji kama anamheshimu mkongwe ampe chumba kizuri na maji ya baridi, lakini zamu sio zawadi.

Na nyie mkiripoti bato, andikeni nani alianza na nani alimaliza, ni mstari mmoja tu, kama wa mpira wanavyoandika nani alikuwa nyumbani.

Wakati tunakunja nyaya dogo alinifuata, hana hasira, akaniambia, "Braza, jibu nilikuwa nalo." Nikamwambia lete. Akalichana pale pale taratibu bila maiki, ni la kuhusu kunawa, na linaanza na kwamba watu hunawa kabla ya kula. Lililobaki siliandiki hapa, atalihitaji.

Mshika saa
Msomaji wenu