Kibodi ya mchapaji wa Kiswahili ipimwe kwa kidole kidogo

Mhariri,

Maduka ya kompyuta siku hizi yanauza kibodi za kimakanika kwa sifa mbili tu: taa na mlio. Ofisi nazo, na hata stesheneri zinazochapia watu barua na mikataba, hununua kwa kigezo hichohicho. Haupiti muda kibodi inafungiwa kabatini kwa sababu wa meza ya jirani hasikii simu. Lawama zote huangukia kibodi, kumbe hakuna aliyeuliza ndani yake mna swichi gani.

Kila kitufe cha kibodi hizi kina swichi yake: kasha la plastiki, shina, springi, na vibati viwili vinavyogusana shina linaposhuka. Umbo linaloigwa na viwanda vingi ni la Cherry MX ya Ujerumani, la miaka ya 1980. Baada ya hataza yake kuisha walijaa Gateron, Kailh, Outemu na wengine. Shina jekundu hushuka laini mpaka chini. Kwa Cherry linataka sentinyutoni 45 (sentinyutoni moja ni karibu gramu moja), na herufi hutoka likifika milimita 2 kati ya safari ya milimita 4. La kahawia lina kinundu njiani, sentinyutoni 55. La bluu lina kinundu na mlio, sentinyutoni 60, na herufi hutoka kwenye milimita 2.2. Nje ya rangi hizo tatu usiamini rangi, kila kiwanda kina yake, soma namba.

Ushauri mwingi unaosambaa kuhusu namba hizo umeandikwa na wanaochapa Kiingereza, ambacho herufi yake inayotumika kuliko zote ni E, inayobonyezwa na kidole cha kati chenye nguvu. Kiswahili ni A. Hesabu sentensi ya kawaida ya tangazo, "Wananchi wanatakiwa kufika mapema": herufi 30, na A ni 9. Kwenye kibodi ya QWERTY A ni ya kidole kidogo cha kushoto, kilicho dhaifu, ambacho pia hubeba Shift. Wenzetu wa Kongo na Burundi wanaotumia AZERTY, mpangilio wa herufi wa Kifaransa, wana taabu zaidi, maana kwao A ipo safu ya juu, na kidole hichohicho lazima kijinyooshe kuifuata.

Kwa hiyo anayechapa kurasa nyingi za Kiswahili kwa siku aanzie kwenye sentinyutoni 45, nyekundu au inayofanana nayo. Bluu naipinga kwa kazi hii, na si kwa kelele pekee: baada ya herufi kutoka, shina lake lazima lipande juu zaidi ya pale herufi ilipotokea ndipo likubali kubonyezwa tena, jambo linaloudhi kwenye maneno kama "saa" na "kukataa". Kahawia ni suala la ladha. Wapo wanaokipenda kile kinundu; mimi nakiona kidogo mno kumwambia kidole chochote. Waliozoea taipureta watabisha, na wana haki yao.

Ipo njia nyingine nzuri zaidi: kibodi yenye matundu ya kubadilishia swichi bila kuchomelea risasi. Hapo unaweza kuiwekea A peke yake swichi nyepesi, mfano Gateron yenye shina jeupe angavu, ya gramu 35, ukaacha nyingine zilivyo. Usizibadili zote kwa uzito huo. Vidole vilivyotulia juu ya vitufe vitaanza kuandika vyenyewe.

Kubadili ni kazi ya dakika chache, lakini wengi huharibu hapa. Chomoa waya kwanza. Ng'oa kofia ya kitufe kwa kivutio, yaani kifaa cha kuing'olea, chenye ncha za waya, maana kile cha pete ya plastiki huchuna pembeni. Bana ndimi mbili za swichi, ya juu na ya chini, kisha vuta wima. Swichi mpya ikague miguu yake miwili ya shaba. Ikiwa imepinda inyooshe kwa kibano kabla ya kuisukuma, na unaposukuma tegemeza kidole nyuma ya bodi, la sivyo tundu litabanduka na hapo utahitaji fundi. Herufi isipotoka, mshukiwa wa kwanza ni mguu uliojikunja chini ya kasha. Swichi yenye vijiti viwili vya ziada vya plastiki isipoingia, vikate kwa koleo kali. Kazi yake ni kuishikilia tu. Uliza pia kabla ya kulipa: baadhi ya kibodi za bei ya chini zina matundu membamba yanayokubali miguu ya Outemu peke yake.

Pwani kuna adui mwingine. Unyevu na chumvi ya hewani hushambulia vibati vya mguso, na dalili yake ni herufi kujirudia. Kwa Kiswahili dalili hii ni ya hatari, kwani "kufa" ikitoka "kufaa" kikagua tahajia hakishtuki. Dondosha tone moja la alkoholi safi ya isopropili kwenye swichi, kibodi ikiwa imechomolewa, bonyeza mara hamsini hivi, acha ikauke. Ikiendelea, badili swichi. Mafuta ya kulegeza kutu, ya kupikia au ya kujipaka yasikaribie. Hukusanya vumbi, na mengine hula plastiki. Grisi ina mahali pake: kidogo kwenye ncha za waya unaoshikilia vitufe virefu kama cha nafasi, ambako kelele nyingi hutokea. Vipete vya mpira chini ya kofia hupunguza kishindo lakini hufupisha safari, na kitufe huwa kama kinazama kwenye ugali.

Anayetaka kujua uzito wa kitufe bila kumwamini muuzaji apange sarafu juu ya kofia, moja moja, mpaka herufi itokee, kisha azipime kwenye mizani ya jikoni.

Ombi langu ni kwa maofisa ununuzi. Zabuni ikiandikwa "kibodi ya kimakanika, bora", muuzaji ataleta bluu zilizojaa ghalani mwake. Andikeni: swichi isiyo na mlio, isiyozidi sentinyutoni 50, matundu ya kubadilishia, kofia za plastiki ya PBT, kwa kuwa za plastiki ya ABS hung'aa haraka, na A ndiyo ya kwanza, na swichi kumi za akiba kwa kila kibodi, pamoja na kivutio chake.

Fundi kompyuta,
Tanga