Mwanangu, marefa waache wapite

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Ile video nimeiona. Hakuniletea adui, kaniletea mjombako, na hakuwa akicheka. Ni wewe hasa, na lile shati la buluu nililokushonea la Idi, umeng'ang'ania kitasa cha gari la marefa na mlinzi anakuvuta kiunoni. Gari lenyewe lishaanza kwenda. Lingekuburuta je?

Usinipigie simu kunieleza ile faulo ya mwisho. Mechi yenu ya kikapu niliitazama. Mkono wa kijana wetu haukumgusa yule mrushaji, na refa akampa mitupo mitatu zimebaki sekunde nne. Inauma, hilo sikatai. Lakini wewe uliyesomea hesabu kwa pesa zangu, mbona huhesabu? Zikibaki dakika tatu tulikuwa mbele kwa pointi tisa. Nani aliwaambia waanze kuubeba mpira kama mayai, zile sekunde 24 za kushambulia zinakwisha hata kikapu hawajakitazama? Nani alikosa mitupo huru miwili, na hakuna mtu mbele yake? Faulo nne zinazovumiliwa kila robo ya mchezo tulizimaliza mapema kwa kushikashika watu katikati ya uwanja, ambako hakuna hatari yoyote. Kuanzia ya tano, kila tukigusa mtu anapelekwa mstarini kurusha mara mbili. Kisha kocha, na ndevu zake zote, akamtolea refa maneno, akapigwa faulo ya kiufundi. Pointi nyingine hiyo, bure. Deni la refa ni moja. Letu hata sijui nilianze wapi.

Ya New York unayajua kuliko mimi, wewe ndiye uliyetuamsha nyumba nzima alfajiri ile. Mei 2025, Knicks, timu ya kikapu ya New York, wako kwao, wanaongoza kwa 14 na hazijabaki dakika tatu, na Indiana wakaondoka na 138 kwa 135 baada ya muda wa nyongeza. Anunoby wa Knicks alikosa mtupo huru mmoja, basi ukawafungulia Indiana mlango. Kule waliirudia picha wakaona kiatu cha Haliburton wa Indiana kimekanyaga mstari, zikawa pointi mbili badala ya tatu. Refa wetu ana macho yake na filimbi. Na hao hao wenye kamera, tangu 2015 ligi yao, NBA, inatangaza makosa ya marefa ya dakika mbili za mwisho, na matokeo yanabaki vile vile.

Mwenye kulalamika ni nahodha: mechi ikiisha ana dakika 15 za kutia saini ile karatasi ya matokeo kwamba anayapinga. Nafasi ya shabiki sijaiona hapo.

Kwa hivyo kitasa cha gari la watu ulikifuatia nini? Ungelala kituoni, hao wakubwa wako wa kazi ungewaambia nini Jumatatu? Mtaa mzima hapa Tudor wanajua umepata kazi Nairobi, na aliyewaambia ni mimi. Wewe ndiye uliyemlipia nduguyo karo muhula huu bila kuombwa, na ni wewe huyo huyo kwenye video. Sielewi. Na hilo domo usiseme umelirithi kwa babako peke yake, najua watu watasema hivyo.

Jumamosi ijayo timu yenu inacheza hapa, uwanja wa Makande, na najua utakuja. Njoo. Ukae juu na mjombako, mbali na mlango wa marefa. Wakitoka, kaa. Wakikutazama, kaa. Wakicheka pia, kaa.

Ukipanda treni ya usiku, niletee dawa ya presha ya nyanyako, ile ya kisanduku cheupe. Hapa naambiwa imekwisha. Fundi wa tangi kaja mara mbili, anasema koki imeoza na maji yanamwagikia kwa jirani, naye jirani kashaanza kununa. Anataka nusu ya pesa kabla ya Ijumaa. Tuma leo, na uniandikie kwamba umesoma ile ya kukaa.

Mamako